Ufundi wa Kubisha Hodi

Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba nchini Burundi watoto 56 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Namba hiyo imetumika kupanga bajeti, kuombea misaada na kunogeshea hotuba. Kabla haijafika huko, kuna mtu aliyesimama nje ya mlango wa jirani yako, mkoba begani, akabisha hodi. Huyo ni mdadisi wa takwimu. Kazi yake huonekana nyepesi: anauliza, anaandika, anaondoka. Ukimfuatilia kwa subira kutoka mlango hadi mlango utaona kwamba ni fundi kamili, na kwamba takwimu zetu haziwezi kuwa bora kuliko ufundi wake.

Tuanzie Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, wenye barabara zinazoitwa kwa namba, misikiti, na mafundi wanaofungua injini kando ya njia. Mdadisi anafika na ramani inayomwonyesha kiwanja kimoja. Akiingia anakuta ua umezungukwa na vyumba, na kila chumba kina mpangaji wake. Je, hii ni kaya moja au sita? Kanuni inasema kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Basi kabla ya kuhesabu milango anauliza habari za jikoni: nani anapika, nani anakula, nani anachangia unga. Kijana anayelala chumba cha nje lakini anakula kwa shangazi yake huandikwa kwa shangazi. Akikosea hapo, kila hesabu inayofuata imekwenda upande.

Kisha linakuja suala la mlango upi ubishwe. Mwanadamu akiachiwa achague, atakwenda kwenye kivuli, kwa mama mwenye tabasamu, mbali na mbwa. Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi katika nchi nyingi za Afrika, ulihoji Warundi watu wazima 1,200 mwaka 2012, na 1,200 wengine mwaka 2014. Kanuni yake inamnyima mdadisi hiari hiyo. Ikiwa ni tarehe 14, anajumlisha 1 na 4, anapata 5, basi anaanzia nyumba ya 5 mkono wa kulia. Akimaliza hapo anahesabu tena hadi ya 10. Hesabu ikiangukia kwenye geti lenye mbwa, ni hilo hilo. Wenyewe wakiwa hawapo, atarudi baadaye siku hiyo hiyo kabla ya kuruhusiwa kutafuta nyumba nyingine.

Ndani ya nyumba bahati nasibu inachezwa tena. Wanaume na wanawake huhojiwa kwa zamu. Zamu ikiwa ya mwanamke, mdadisi anaorodhesha wanawake wote wa nyumba hiyo waliotimiza miaka 18, anawapa namba, anashika kadi zilizofunikwa, na mmoja wa wenyeji anachomoa. Mara nyingi kadi humwangukia yule ambaye hakuna aliyetarajia aulizwe. Hapo baba mwenye nyumba huingilia: "Niulize mimi, huyu binti hajui kitu." Mdadisi mzoefu habishani wala hashindwi. "Baba, heshima yako iko palepale. Ila kadi imemtaja yeye, na mimi sina ruhusa ya kuipinga." Akilegea, maoni ya nchi nzima yatageuka maoni ya akina baba waliokuwa nyumbani mchana.

Ukubwa wa hesabu hautibu kasoro ya namna hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilisambaza kadi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali, alikuwa amemtaja mshindi sahihi. Jarida lilikuwa limeokota majina kwenye orodha za wenye simu na magari, kisha likawasikiliza wale tu waliojisumbua kujibu.

Bujumbura ina ugumu wake pia. Wakazi wa jiji wanalijua daftari la kaya, linaloandikwa majina ya wote wanaoishi nyumbani, ambalo askari hulidai wakati wa msako. Sasa anakuja mgeni mwenye karatasi, anauliza: "Usiku wa kuamkia leo, nani walilala hapa?" Kwa mtaalamu wa takwimu ni swali la kawaida kabisa. Kwa mwenye nyumba ni swali lenye historia. Mdadisi hufika na utambulisho kutoka kwa mkuu wa mtaa, kwa sababu bila huo hakuna atakayemfungulia, lakini mahojiano yakianza hataki mkuu huyo awe karibu, kwa sababu mbele yake hakuna atakayesema kweli. Anakaa kwenye kigoda anachopewa. Anaeleza ametumwa na nani, majibu yatatumikaje, na kwamba kukataa hakuna adhabu. Maelezo hayo ameyatoa mara nyingi, na kila mara anayatoa kama mtu anayeyasema kwa mara ya kwanza.

Mwishoni mwa dodoso la Afrobarometer kuna swali ninalolipenda kuliko yote: "Unadhani nani ametutuma?" Mdadisi amejitambulisha vizuri tangu mwanzo, na bado wapo wanaojibu kuwa ni serikali. Hawasahihishwi, jibu linaandikwa lilivyo. Mtafiti atakapokaa na takwimu ataweza kulinganisha majibu ya waliodhani wanaongea na serikali na ya wale wasiodhani hivyo. Mdadisi huandika pia kama kulikuwa na watu wengine wakisikiliza. Hofu haiwezi kufukuzwa uani, lakini inaweza kuandikwa.

Halafu kuna kuuliza kwenyewe. Swali husomwa kama lilivyoandikwa, kwa Kirundi, Kiswahili au Kifaransa, ili aliyeulizwa mtaa wa Kamenge na aliyeulizwa mtaa wa Rohero wawe wameulizwa jambo moja. Ukiongeza "Maisha yamepanda, siyo?" umeshajijibu mwenyewe. Uso nao una maneno: nyusi ikipanda, mhojiwa ameshajua jibu unalolitaka. Kwa hiyo mdadisi mzuri husikia mambo ya kuchekesha, ya kukera na ya kusikitisha kwa utulivu ule ule. Hujua pia kunyamaza. Mtu akisema "sijui", hukaa kidogo, kama fundi wa Buyenzi anayesikiliza injini kabla ya kushika spana, kwa maana kuna "sijui" ya kutojua, na kuna "sijui" ya mtu anayepima kama akuamini. Akihitaji zaidi anasema tu "Fafanua kidogo" au "Kuna jingine?" Kupendekeza jibu ni mwiko.

Umri ndio unaotoa jasho. Watu wasio na cheti cha kuzaliwa hupenda kukadiria: 40, 45, 50. Takwimu zikionyesha minara kwenye namba zinazoishia na 0 na 5, mtaalamu anajua kwamba wadadisi walipokea jibu la kwanza wakapita. Dawa ni kalenda ya matukio.

"Bibi, ulizaliwa mwaka gani?"

"Zama za Wabelgiji, mwanangu."

"Rwagasore alipouawa, ulikuwa umeshazaliwa?"

"Nilikuwa nambeba mdogo wangu mgongoni. Watu walilia, na mimi nikalia kwa kuwaona."

Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Msichana anayebeba mtoto mgongoni hawezi kuwa na miaka 3. Mdadisi anashika tukio la pili: ufalme ulipofutwa Novemba 1966, je, alikuwa ameolewa? Bado. Na ghasia za mwaka 1972? Alikuwa na mtoto wa kwanza, ananyonya. Sasa mwaka wa kuzaliwa umebanwa pande zote, na bibi amepata kusimulia maisha yake kwa mtu anayesikiliza. Kwa watoto wakubwa wa jijini kuna alama ya karibu zaidi: soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na akina mama wengi hukumbuka ujauzito au mtoto wa siku hiyo.

Turudi kwenye ile 56. Ili kujua kama mtoto amedumaa, ukiacha jinsia yake, unahitaji vitu viwili tu, umri wake kwa miezi na urefu wake kwa sentimita, na vyote viwili hukosewa kirahisi. Umri husomwa kwenye kadi ya kliniki, ambayo mama huenda kuitoa chini ya godoro. Aliye chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelala, aliyezidi hapo hupimwa amesimama. Ukibadilisha mkao, urefu unatofautiana kwa takriban sentimita 0.7, na kwa mtoto aliye kwenye mpaka, tofauti hiyo yatosha kumtoa upande mmoja kumpeleka mwingine. Viatu vinavuliwa, na pambo la nywele linaloinua utosi linafunguliwa. Kwa anayepimwa amelala, msaidizi anapiga magoti nyuma ya ubao, anashika kichwa kiguse mbao. Mpimaji anakandamiza magoti ya mtoto kwa upole, anasogeza kibao hadi kiguse nyayo, anasoma kwa sauti, na mwenzake anarudia namba kabla haijaandikwa. Mtoto analia muda wote huo. Mama anatazama mikono yao, na kwa mikono hiyo ataamua kama atajibu sehemu ya dodoso iliyobaki.

Zipo njia za mkato. Dodoso linaweza kujazwa chini ya mwembe, bila kubisha hodi popote. Ndiyo maana msimamizi hurudia baadhi ya nyumba kimyakimya, na tableti huandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali. Sensa ya Burundi ya mwaka 2024, iliyounganisha watu, makazi, kilimo na mifugo, ilitumia tableti. Chombo hicho hukataa mtoto aliyemzidi umri mama yake. Hakiwezi kujua kwamba bibi alisema 60 kwa sababu hakuna aliyemuuliza habari za Rwagasore.

Februari 2025 Marekani ilisitisha mpango wake wa kugharimia tafiti za afya, kama ule uliotupa ile 56, katika nchi nyingi, Burundi ikiwemo. Fedha zikirudi, tableti zitanunuliwa kwa wiki chache. Wadadisi ni habari nyingine. Wengi huajiriwa kwa miezi michache kisha hutawanyika, na ujuzi wao huondoka nao. Taasisi ya takwimu na wafadhili wake wangefanya jambo la maana kuwatunza watu hao kati ya utafiti mmoja na mwingine, kuwalipa kwa wakati, na kuwapa vijana nafasi ya kutembea nyuma yao.

Nawe msomaji, mdadisi akibisha kwako, dai kitambulisho chake na umuulize yote unayotaka kujua. Ukiridhika, mwambie kweli. Usiporidhika, mkatalie waziwazi. Fomu yake ina sehemu ya kuandika kwamba umekataa, lakini haina sehemu ya kuandika kwamba umemdanganya.