Nani Alichora Duara Hili?

Kuna mchezo wa kutambua mahali kwa picha, na kanuni zake ni chache. Mtu anakata kipande cha picha ya setilaiti, anafuta majina yote, anakiweka mbele ya wenzake na kuuliza: hapa ni wapi, na ardhi hii imepatwa na nini? Atakayejibu sawasawa ndiye atakayetega picha inayofuata. Katika vitendawili vyetu anayeshindwa hutoa mji. Hapa mji ndio unaotafutwa. Wanajiolojia wanaoucheza waliongeza sharti moja ninalolipenda sana: aliyewahi kushinda husubiri saa moja kwa kila ushindi wake kabla ya kuruhusiwa kujibu tena. Bingwa wa mara kumi anakaa na jibu lake mdomoni kwa saa kumi, huku mgeni akipewa nafasi ya kutazama.

Na kutazama ndiyo kazi yenyewe. Mchezaji mzuri akiona duara hasemi upesi kwamba ni volkano. Anajua maduara yapo mengi, na hayana baba mmoja. Ngorongoro ni duara la upana wa kilomita 20 hivi, nalo lilitokea pale volkano ilipomwaga kilichokuwa tumboni mwake, paa likakosa nguzo na kudidimia. Manicouagan, kule Quebec nchini Kanada, ni duara la maji lililochongwa na kimondo kilichoanguka miaka milioni 214 iliyopita. Richat, katika jangwa la Mauritania, ina pete ndani ya pete, kipenyo chake kama kilomita 40. Wanaanga walipoiona katika miaka ya 1960, wengi walidhani nayo ni kovu la kimondo. Wanajiolojia walipofika na kuichunguza miamba yake, hawakukuta alama za mshtuko ambazo kimondo huziacha. Ilikuwa ni tabaka za miamba zilizoinuliwa kutoka chini zikawa kama kuba, kisha mmomonyoko ukazila kutoka juu: miamba laini ikaliwa haraka na kuwa mabonde, migumu ikabaki kuwa matuta. Kwa hiyo anayecheza huuliza mambo mengine kwanza. Ukingo umesimama juu ya ardhi inayouzunguka au uko sawa nayo? Mito inatoka katikati kwenda nje, au inakatiza pete kana kwamba haikuziona? Duara limefungwa pande zote?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloufungua Mlima Meru. Kwa mtu aliyesimama Arusha, Meru ni mlima mzima wa mita 4,566. Kutoka juu unaonekana umekatwa. Ukuta wa kasoko umejipinda upande wa magharibi, kaskazini na kusini, lakini mashariki hakuna kitu, pamebaki wazi kabisa. Ndani ya uwazi huo kuna kilima cha majivu chenye tundu la mviringo, ambacho kimeota baadaye. Volkano ikilipuka kwenda juu tu, kwa kawaida huacha ukingo unaozunguka. Ukingo uliokosa upande mmoja unasema ubavu wa mlima uliporomoka, na walioporomokewa walikuwa mashariki. Basi mchezaji anahamisha jicho mashariki kutafuta ubavu uliopotea, na anaukuta: vilima vidogo vingi vilivyotapakaa bila mpango, na katikati yao vimaziwa vya Momella, vingine vya kijani, vingine vya buluu, kwa kuwa vina magadi na mwani usiofanana. Hayo ni mapande ya mlima. Maji yalijikusanya katika mashimo yaliyobaki kati yao. Wanajiolojia walijifunza kuitambua sura hii vizuri zaidi baada ya tarehe 18 Mei 1980, ubavu wa kaskazini wa Mlima Saint Helens, Marekani, ulipoporomoka mbele ya kamera.

Jicho lenyewe linahitaji kufundishwa. Setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, hupita juu yetu mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa bado mashariki. Desemba, katika Tanzania ya kaskazini, saa hiyo jua huwa kusini-mashariki, na vivuli vya milima huangukia kaskazini-magharibi, yaani pembe ya juu kushoto ya picha. Akili ya binadamu imezoea mwanga utokao juu. Ikipewa vivuli hivyo, huugeuza mlima kuwa shimo na bonde kuwa tuta. Dawa yake ni kuizungusha picha mpaka kusini iwe juu, na mara mlima unainuka. Waliobobea hutafuta kivuli kabla ya kutafuta chochote kingine.

Rangi nayo hudanganya. Kilele cheupe karibu na ikweta kinamvuta mtu aseme theluji, aseme Kilimanjaro. Lakini huenda ikawa volkano ya Ol Doinyo Lengai, ambayo haifiki mita 3,000, wala haina theluji. Lava yake ina magadi badala ya silika iliyomo katika lava nyingine: hutoka nyeusi, kisha unyevunyevu wa hewa huigeuza kuwa nyeupe ndani ya siku chache. Anayejua hilo hupima kwanza upana wa mlima kabla ya kuutaja.

Mtegaji naye ana ufundi wake, na kwangu ndio mgumu zaidi. Akitaka kutega Meru, ataondoa Arusha, ataondoa Kilimanjaro, hata mishale ya kaskazini ataifuta. Lakini upande wa mashariki hawezi kuukata. Akiishia kwenye ukingo wa kasoko, atakuwa ameuliza nani anaukumbuka mlima huu. Akiacha picha ifike Momella, mtu ambaye hajawahi kuiona Tanzania anaweza kuufuata ubavu ulioanguka hadi pale ulipolala, na akajibu.