Hujafa Hujaumbika: Jeraha, Upinde na Lengo Jipya katika Masimulizi ya Maisha ya Abebe Bikila

Utangulizi

Methali "Hujafa hujaumbika" aghalabu hutumiwa kama onyo. Anayemcheka kiwete huambiwa kwamba mwili wake mwenyewe haujafika mwisho wa kuumbwa, na kwamba lililompata mwenzake laweza kumpata naye kabla hajaingia kaburini. Katika matumizi hayo, kuumbika ni sawa na kupungukiwa. Hata hivyo, maneno ya methali hayataji upungufu wowote. Yanasema tu kwamba kuumbwa kwa binadamu huendelea maadamu yu hai. Kama ndivyo, methali hiyo inayoonya yaweza pia kuahidi: aliyejeruhiwa naye hajamaliza kuumbika.

Makala haya yanaichunguza maana hiyo ya pili kwa kuyatazama masimulizi ya maisha ya Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia aliyeshinda mbio za marathoni katika Olimpiki mbili mfululizo, kisha akapooza kutokana na ajali ya gari mwaka 1969. Maisha hayo yamesimuliwa katika wasifu kadhaa na katika filamu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba masimulizi hayo yamerithi msuko wa kishujaa ambao haujui la kufanya na shujaa aliyejeruhiwa asife. Kwa sababu hiyo, miaka yake ya mwisho, ambayo ndiyo yenye funzo kubwa kuhusu namna mtu anavyojiwekea lengo upya, hugeuzwa kuwa ama msiba ama muujiza.

Shujaa na jeraha lake

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, kielelezo cha karibu cha msuko huo ni Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Siri hiyo inapomfikia mwanawe, jeraha na kifo huwa kitu kimoja. Baada ya kuchomwa, Liyongo hutwaa upinde wake, huenda kisimani, hupiga goti na kuutega mshale. Hufa katika hali hiyo, na watu wa mji huogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani kwamba yu hai.

Upinde katika tukio hilo ni ishara ya adhama. Mwili uliojeruhiwa hupewa kazi moja tu, nayo ni kufa vizuri. Utenzi hauna nafasi ya kumwonyesha Liyongo akiuguzwa, akijifunza kuketi upya, au akijiuliza kesho atafanya nini. Huo si upungufu wa mtunzi bali ni kanuni ya utanzu wenyewe, kwani utendi humpima shujaa kwa ukamilifu wake. Tatizo huanza pale kanuni hiyo inapohamia kimyakimya katika wasifu, utanzu unaodai kuyafuata maisha jinsi yalivyokwenda.

Mara tatu mwili ulipotikiswa

Mwili wa Bikila ulitikiswa mara tatu, na kila mara uhusiano kati ya mwili na lengo ulikuwa tofauti. Mnamo tarehe 10 Septemba 1960 alikuwa ameshinda marathoni mjini Roma, akikimbia miguu mitupu, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alishiriki hata hivyo, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, na kuwa mtu wa kwanza kuishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Hapa lengo lilisimama pale pale na mwili ukalifikia.

Mwaka 1968, mjini Mexico City, alianza mbio akiwa na jeraha la mguu na kulazimika kujiondoa baada ya kilomita 17 hivi. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda. Hapa pia lengo halikubadilika, ila mwili ulikataa. Tukio la tatu ni la namna nyingine kabisa. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 gari lake aina ya Volkswagen lilipinduka, naye akanaswa ndani hadi alipoopolewa asubuhi. Alikuwa amepooza kuanzia shingoni. Safari hii si mwili pekee uliovunjika. Lengo lenyewe lilikuwa limevunjika, kwa kuwa hakukuwa tena na marathoni ya kurudia.

Tofauti hii ni ya msingi kwa mhakiki. Katika visa viwili vya mwanzo, swali la msuko ni moja: je, atarudi? Katika kisa cha tatu swali hilo halina maana tena, na msimulizi anayeendelea kuliuliza atapata jibu moja tu, la kusikitisha. Swali linalofaa ni jingine: sasa atajipima kwa kitu gani?

Upinde wa Stoke Mandeville

Siku chache baada ya ajali Bikila alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, alikokaa kwa muda wa miezi minane. Mwanzoni hakuweza hata kukigeuza kichwa. Baadaye alipata tena matumizi ya mikono, lakini miguu haikurudi. Kituo cha majeraha ya uti wa mgongo hospitalini humo kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1944 na Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi. Kabla ya wakati huo, waliovunjika uti wa mgongo walitazamiwa kufa upesi kutokana na vidonda vya kulala na maambukizo ya njia ya mkojo. Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na akaifanya michezo kuwa sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, aliandaa shindano la kupiga mishale lililowahusisha waliokuwa wanajeshi 16, wote katika viti vya magurudumu. Upinde haukuchaguliwa kwa ajili ya kupitisha wakati. Kuuvuta huimarisha mikono, mabega na kiwiliwili, yaani viungo vile vile ambavyo mtu wa kiti cha magurudumu hutegemea ili aketi wima na kujisogeza.

Historia ina kinaya chake. Tarehe 18 Septemba 1960, siku nane tu baada ya Bikila kushinda miguu mitupu, michezo ya Guttmann ilifunguliwa katika mji ule ule wa Roma, na baadaye ikahesabiwa kuwa Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Walemavu. Mkimbiaji alikuwa amepita kando ya mlango ambao miaka kumi baadaye angeuingia. Mwaka 1970 alishiriki katika Michezo ya Stoke Mandeville, katika kupiga mishale na mpira wa meza.

Hapa upinde unarudi, na ulinganisho na utenzi hauepukiki. Upinde wa Liyongo huisimamisha maiti ili ionekane hai. Ule wa Bikila huufundisha mwili ulio hai kuketi wima. Wa kwanza huilinda sifa iliyokwisha kupatikana, na wa pili haulindi sifa yoyote, kwani bingwa wa dunia alianza upya kama mwanafunzi miongoni mwa watu ambao wengi wao walikuwa wamemtangulia katika mchezo huo. Lengo la kukigeuza kichwa, la kuinua mkono, la kuketi, la kuvuta kamba ya upinde: kila moja lilipimwa kwa mwili wa siku ile, si kwa mwili wa Tokyo. Kilichobaki kwa Bikila hakikuwa miguu bali tabia ya kujipima.

Wasifu na filamu

Masimulizi yameichukuaje miaka hiyo? Wasifu ulioandikwa na binti yake, Tsige Abebe, mwaka 1996, umeyaweka maneno mawili sambamba katika kichwa chake: ushindi na msiba. Uchungu wa mtoto kwa mzazi haustahili kulaumiwa. Hata hivyo, kichwa hicho kinaonyesha wazi umbo ambalo msuko wa kishujaa huyalazimisha maisha. Penye ushindi na msiba pekee, upinde hauna pa kuwekwa.

Tim Judah, katika wasifu wake wa mwaka 2008, anafanya kazi ya mwanahabari. Kuhusu ajali, anaeleza kwamba Bikila mwenyewe alisema alikuwa akilikwepa gari lililomjia kwa kasi, na papo hapo anataja uwezekano wa ulevi bila kudai kuwa na uhakika. Uaminifu huo ni sifa ya kazi yake. Lakini swali la chanzo cha ajali, hata likijibiwa kwa uangalifu namna gani, humwelekeza msomaji nyuma, kwenye kosa lililomwangusha shujaa. Swali la alichofanya baadaye huelekea mbele, nalo ndilo linalohitaji kurasa.

Filamu ya Davey Frankel na Rasselas Lakew ya mwaka 2009, ambamo Lakew mwenyewe anamwigiza Bikila, inathubutu zaidi. Inachanganya picha halisi za Olimpiki na maigizo, na inaipa hospitali nafasi kubwa. Kuvigonganisha vipande vya mbio za zamani na mwili uliolala kitandani ni mbinu yenye nguvu, kwa kuwa mtazamaji hulazimika kuviona kama maisha ya mtu mmoja. Lakini sehemu zake za mwisho zinampeleka Norway, ambako mwaka 1971 Bikila alishinda mbio za magari ya theluji yanayokokotwa na mbwa. Tukio hilo ni la kweli, na ni zuri. Hata hivyo, kulifanya kilele kuna gharama yake: shujaa amevikwa taji tena, na kanuni ya utendi imerejea kwa mlango wa nyuma. Mtazamaji huondoka akiamini kwamba ukarabati wa mwili ulifaulu kwa sababu ulileta ushindi, ilhali ulikuwa umefaulu tangu siku mkono ulipoweza kuvuta kamba.

Hitimisho

Yaweza kupingwa kwamba msiba ndio ukweli wenyewe, kwa kuwa Bikila alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41, kwa kuvuja damu ubongoni kulikohusishwa na ajali ile. Pingamizi hilo ni zito. Lakini kati ya ushindi wa Roma na kujiondoa kwake Mexico City ilipita miaka minane na mwezi mmoja, na kati ya ajali na kifo ilipita miaka minne na miezi saba. Muda unaozidi nusu ya ule wa utukufu hauwezi kuwa kiambatisho cha maisha. Bikila mwenyewe anasimuliwa kuwa alisema ushindi na ajali vyote vilitokana na mapenzi ya Mungu, naye alivipokea vyote viwili. Wasifu utakaoichukulia kauli hiyo kwa uzito utavipa vyote viwili kurasa zinazolingana.

Suala hili haliko mbali na Kenya. Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, alishinda mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Sydney mwaka 2000. Atakayeyaandika maisha ya namna hiyo kwa Kiswahili atakutana na kishawishi kile kile cha kuruka kutoka gizani hadi kwenye nishani, na kuiacha miaka mitano iliyo katikati. Miaka hiyo ndiyo masimulizi yenyewe. Methali imekwisha kumwonyesha mwandishi njia, iwapo ataisoma hadi mwisho wa maana yake: kuumbika hakukomei kwenye jeraha.