Hewa na Hatua: Somo la Butaro kwa Kintinku

Kintinku iko bondeni, wilayani Manyoni, kando ya Reli ya Kati, na upande wa magharibi ukingo wa Bonde la Ufa umesimama kama ukuta. Mgonjwa aliyezidi uwezo wa kituo cha afya huenda akalazimika kuupanda ukingo huo kwenda Kilimatinde au Manyoni mjini. Mahali kama hapa, mazungumzo ya hospitali mpya huanzia kwenye bajeti: majengo mangapi, mabati mangapi. Naamini yangepaswa kuanzia kwenye hewa atakayovuta mgonjwa na hatua atakazotembea muuguzi wa zamu ya usiku.

Ushahidi upo hapa hapa Afrika Mashariki. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011 ikiwa na vitanda takribani 150. Wasanifu wa MASS Design Group, wakishirikiana na Partners In Health na Wizara ya Afya, walikuwa na funzo chungu la Tugela Ferry, Afrika Kusini. Huko, mwaka 2005 na 2006, wagonjwa 53 waligundulika na kifua kikuu sugu kupindukia; 52 walifariki, na dalili zikaonyesha kuwa ugonjwa ulienea ndani ya hospitali. Kwa hiyo Butaro waliondoa korido ya kati, mahali ambapo watu husubiri wakikoholeana, na njia zikahamia kwenye baraza za nje. Wodini, vitanda vimepangwa katikati, vichwa vikiegemea ukuta mfupi unaobeba nyaya za umeme na mabomba ya oksijeni, na kila mgonjwa anatazama dirisha na milima. Feni pana huzungusha hewa polepole, madirisha huitoa nje, na taa za urujuanimno zilizofungwa juu huua vijidudu. Mtumishi naye amelindwa, kwa kuwa wodi hiyo ndiyo anamovuta pumzi mwaka baada ya mwaka, ilhali mgonjwa hulazwa kwa siku chache.

Tanzania nayo ina uzoefu wake. Mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilianza kujenga hospitali 67 za halmashauri, kila moja ikianza na shilingi bilioni 1.5, kwa mafundi wa kawaida na kamati za wananchi. Majengo yasiyo na ghorofa, yaliyotengana, hupata upepo pande zote, na hilo ni jema. Gharama ya kutengana huko huangukia miguuni mwa watumishi. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, anayekimbiza sampuli maabara huenda akawa muuguzi yule yule aliyetakiwa kubaki naye. Wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji na maabara yenye damu ya akiba vinapaswa kupakana kwenye baraza moja. Utawala, stoo na kufulia vinaweza kukaa mbali.

Atakayepinga atasema Kintinku ina vumbi la kiangazi, baridi ya Juni na Julai, na mbu. Hoja hizo ni za kweli, lakini zinajibiwa kwa usanifu: matundu ya kutolea hewa yawekwe juu karibu na dari ili upepo usimpige aliyelala, miti ipandwe upande unakotoka vumbi, na kwa kuwa nyavu hupunguza upepo, madirisha yaongezwe upana. Wengine huona kiyoyozi ndicho usasa. Utafiti uliofanyika Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 uliona kuwa wodi za zamani zenye dari zilizo juu, madirisha yakiwa wazi, hubadilisha hewa mara 40 kwa saa, wakati vyumba vyenye mitambo ya kupitisha hewa hubadilisha mara 12. Tena dirisha halizimiki umeme unapokatika.

Utaratibu wa kamati za ujenzi tayari upo. Kilichobaki ni kumwingiza mkunga na mhudumu wa usafi ndani yake kabla msingi haujachimbwa, wakati ramani bado ni vigingi na kamba. Watembee kutoka kigingi cha leba hadi cha maabara, wahesabu hatua. Kuhamisha kigingi ni kazi ya dakika moja; kuhamisha wodi hakuna atakayethubutu.