"Zinafanana Zote": Sikio Geni mbele ya Muziki wa Burundi

Kauli kwamba nyimbo za utanzu fulani "zinafanana zote" huchukuliwa kuwa hukumu juu ya utanzu wenyewe. Makala haya yanaisoma kama taarifa kuhusu sikio lililosikiliza, na yanahoji kinachotokea pale taarifa hiyo inapohamia katika katalogi, sera na istilahi. Mfano wetu ni Burundi, kwa kuwa ni nadra kupata nchi ambayo muziki wake ulijulikana ughaibuni kwa rekodi moja tu.

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki nchini Burundi, na rekodi hizo zikatolewa na Ocora ya Ufaransa. Katika santuri hiyo mlikuwa na kundi la wapiga ngoma. Mlikuwa pia na akazehe, yaani salamu za kuimbwa za wanawake, ambamo sauti mbili hupokezana na kupishana kwa kasi. Mlikuwa na ubuhuha, sauti inayopulizwa katika viganja vilivyokunjwa. Na mlikuwa na inanga ikisindikizwa kwa mnong'ono. Dunia ilichagua ngoma. Mwaka 1971 ilitoka "Burundi Black", ambayo ilipachika kinanda na gitaa juu ya mapigo hayo. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliyatumia katika "The Jungle Line". Jina la kustaajabisha, kwani nchi ya vilima na malisho ya ng'ombe iligeuzwa msitu. Adam and the Ants na Bow Wow Wow walipovuma Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, waandishi wa muziki wa huko walikuwa tayari wakizungumzia "mdundo wa Burundi", kana kwamba upo mmoja.

Ni vyema kumtendea haki msikilizaji huyo: hakusema uongo. Katika kundi la ingoma, ngoma ziitwazo amashako hushikilia pigo lisilobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi yake ni kutobadilika. Mbele yake kuna inkiranya, ngoma ya katikati inayoongoza, na ibishikizo, zinazoifuata inkiranya na kuijibu. Mabadiliko yote yenye maana yamo humo. Sikio geni hung'ang'ania kile kinachorudiwa, kwa sababu ndicho linachoweza kukishika, kisha hutangaza kwamba hakuna kingine. Ni sawa na mtu anayesikiliza mashairi ya lugha asiyoijua akaripoti, kwa usahihi kabisa, kwamba vina vinajirudia.

Wanaisimu tunalifahamu jambo hili kupitia fonimu: mtoto huzaliwa akiwa na uwezo wa kutofautisha sauti nyingi, kisha lugha ya nyumbani humfundisha zipi azipuuze. Mwaka 2005 Erin Hannon na Sandra Trehub walionyesha kitu cha namna hiyo katika mapigo ya muziki. Watoto wa miezi 6 wa Amerika Kaskazini waliyatambua mabadiliko katika mapigo ya kwao na katika mapigo changamano ya Balkani pia. Watu wazima wa jamii hiyohiyo waliyatambua katika mapigo ya kwao tu. Watoto wa miezi 12 walikwisha kuelekea upande wa wazazi wao, ingawa kusikilizishwa muziki huo kwa muda mfupi kuliwarejesha. Watu wazima hawakurejea kwa wepisi huo. Kwa hiyo uziwi huu unafunzwa, na dawa yake si nia njema peke yake.

Inanga inatupeleka mbali zaidi. Mwimbaji hunong'ona huku akicharaza nyuzi. Mnong'ono hauna mtetemo wa nyuzi za sauti, hivyo hauna kidatu. Kirundi nacho ni lugha ya toni, yaani kidatu hubeba maana. Kimantiki maneno yangepaswa kufifia. Lakini inanga hutoa kidatu ambacho mnong'ono umekikosa, na msikilizaji huviunganisha viwili hivyo akasikia sauti moja inayoimba. Cornelia Fales aliuchambua ukinzani huu mwaka 2002 kwa kuzingatia rangi ya sauti. Kwetu sisi watumiaji wa Kiswahili, lugha isiyo na toni, uchambuzi huo unauma kidogo: tunaweza kuketi umbali wa hatua tatu kutoka kwa mpigaji, tukasikia nyuzi zinazojirudia na pumzi, na tusisikie wimbo wenyewe. Mrundi asiyejua Kiswahili naye hupambana na taarabu kwa namna hiyohiyo. Fidla na kanuni huzisikia; fumbo, ambalo ndilo linalotenganisha wimbo na wimbo, linampita.

Hapa Kinindo, kusini mwa Bujumbura, sijawahi kumsikia mtu akiita akazehe "ngoma" anapozungumza Kirundi. Anapohamia Kiswahili, neno hilo hujitokeza lenyewe. Kiswahili kimeipa "ngoma" mzigo mzito: ni ala, ni mchezo, ni sherehe, na sasa kwa vijana ni wimbo wowote mpya. Utajiri huo wa maana una gharama. Ingoma, inanga, imvyino za kuimba kwa pamoja na akazehe zikitiwa zote chini ya "ngoma za asili", Kiswahili kinafanya kile kilichofanywa na magazeti ya Uingereza, tofauti ikiwa kwamba chenyewe ni jirani na hakina kisingizio cha umbali.

Madhara yake ni ya kisera. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza mchezo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu, na heshima hiyo ilistahili. Oktoba 2017 amri ya rais ilidhibiti maonyesho ya ingoma na kuwazuia wanawake kuipiga, ikiwaachia ngoma za kucheza za kike. Wapo wanaoitetea amri hiyo kwa hoja ya kulinda asili. Kwa maoni yangu, ulinzi wa sura moja unawafaa zaidi wale ambao tayari walikuwa wanaisikia sura moja. Na hata anayekubaliana na amri anapaswa kujibu swali la pili: akazehe na ubuhuha, ambazo ni sanaa za wanawake, zina kumbukumbu gani ya umma, zina walimu gani, zina bajeti gani?

Bujumbura ilikuwa mwenyeji wa JAMAFEST mwaka 2022, na matamasha ya kikanda yataendelea kuomba maelezo ya Kiswahili kwa kila kundi linalopanda jukwaani. Pendekezo letu ni la kiutendaji. Fomu za urithi zibakize jina la Kirundi kama kidahizo, na Kiswahili kitoe fasili badala ya jina mbadala. Kwa ingoma, fomu iulize nani alipiga inkiranya. Kwa inanga, maneno yaandikwe pamoja na toni, na anayeandika awe mzungumzaji wa Kirundi aliyelipwa kwa kazi hiyo. Kwa akazehe, fomu itaje wote wawili walioimba: aliyeanza na aliyepokea.