Fundi Asiye na Haraka

Miaka ya kulala stoo haiui mashine ya boti kama inavyoiua dakika ya kwanza ya kuamshwa. Mwenyewe huitoa, akaipangusa vumbi, akaifunga kwenye tezi la mashua na kuvuta kamba kwa nguvu zake zote. Ringi zilizoshikana na kutu hukwaruza ukuta wa silinda. Impela ya mpira ya kusukumia maji ya kupoza, ikiwa imekauka, hukatika mabawa. Asubuhi mashine ilikuwa mbovu ya kutengenezeka, jioni imekuwa ya kuuzwa kwa kilo. Ndiyo maana fundi hodari wa kazi hii hutambulika mapema, kwa jambo asilolifanya: kamba haigusi.

Kwenye madiko ya pwani yetu mashine inayoonekana sana ni Yamaha Enduro ya mipigo miwili, ya nguvu farasi 15 au 40. Haina oili yake tumboni kama injini ya gari. Oili huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja kwa hamsini, yaani nusu lita ya oili kwa dumu la lita 25. Umbo lake ni la zamani. Ole Evinrude, Mnorwe aliyekulia Marekani, alianza kuuza mashine zake Milwaukee mwaka 1909, na Yamaha wakatoa yao ya kwanza 1960. Tangu hapo mpango haujabadilika sana: kichwa chenye silinda juu, shafti inayoshuka wima, gia chini, kisha propela. Kwa kuwa vitu ni vichache na vinafikiwa kwa spana za kawaida, mashine iliyokatiwa tamaa bado ina njia ya kurudi majini.

Nilipata kumtazama fundi mmoja wa Kilwa Kivinje akihangaika na ya farasi 40. Iliachwa na marehemu baba wa vijana wawili, ikakaa miaka nyuma ya nyumba ikiwa imefunikwa turubai. Vijana walitaka kuiona ikiwaka siku hiyohiyo.

“Babu, tujaribu hata mara moja tu?”

“Tulieni wanangu. Kwanza nijue ilifikwa na nini.”

Akafungua plagi zote mbili na kuzilaza juu ya gunia kwa mpangilio, ya juu juu, ya chini chini. Ya juu ilikuwa nyeusi yenye mafuta ya zamani, hali ya kawaida kabisa. Ya chini ilikuwa na kutu nyekundu kwenye ncha. Kwa hilo pekee alishajua maji yaliingia silinda ipi, na asilazimishe wapi. Akamimina oili nyembamba kwenye matundu yote mawili, akayaziba kwa kitambaa safi, akaosha mikono. Kazi ya siku hiyo ilikuwa imekwisha.

Kesho yake alishika flaiwili kwa viganja viwili, akaisukuma upande mmoja, kisha upande wa pili, huku sikio amelisogeza karibu na bloku. Ilisogea kidogo mno, mimi sikuona kitu. Yeye aliona. Akaongeza oili, akasubiri, akarudia, bila kuongeza nguvu. Kila mara mwendo ulirefuka kidogo, na ile sauti ya mkwaruzo ikapungua, mpaka flaiwili ikazunguka duara zima. Angetia wenzo, kutu ingechimba mfereji kwenye ukuta wa silinda, na mgandamizo usingerudi bila kuchonga upya.

Kabureta ndiyo iliyonifunza zaidi. Petroli iliyoachwa humo hukauka na kuacha utandu wa rangi ya asali, mgumu, unaonata. Utandu huo hushika boya lisipande wala kushuka, na huziba jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambalo jicho huliona tu likielekezwa juani. Kijana mmoja akaleta waya wa chuma. Fundi akaukataa. Shaba ni laini, chuma hulipanua tundu, na tundu likipanuka hata unyoya petroli huzidi, mashine ikafuka moshi na kula mafuta bila nguvu yoyote. Aliloweka jeti ndani ya petroli mpya, akaacha utandu ulainike, kisha akapitisha kipande cha mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni mwembamba, akakivuta polepole huku na huku. Akamalizia kwa upepo wa pampu ya baiskeli. Akaiinua tena juani. Tundu lilikuwa duara, safi, halina ukingo.

Mshipi huohuo ndio adui wa upande wa chini. Ukijisokota nyuma ya propela hukata sili ya shafti, na maji ya chumvi yakaingia kwenye gia. Fundi alifungua skrubu ya chini ya gia akakinga kiganja: oili ya gia ilitoka nyeupe mithili ya tui, dalili ya wazi kwamba sili imekwisha. Boliti za mguu nazo zilikuwa zimeng'ang'ania, maana chuma cha pua ndani ya alumini na chumvi katikati hufanya unga mweupe unaofunga kuliko kulehemu. Hapo wengi huvunja boliti. Yeye alipasha moto, akagonga kichwa cha boliti taratibu, akakaza kidogo ndipo akalegeza. Impela iliyotoka humo mabawa yake yalikuwa yamekakamaa yakiwa yamepinda. Hiyo haitengenezwi, inanunuliwa mpya, na atakayebania hapo ataunguza injini yote kwa kukosa maji ya kupoza.

Siku ya kuwasha walileta pipa la maji baridi ya kisima. Alipima cheche kwa kuigusisha plagi na bloku, akachanganya petroli mpya, oili akiizidisha kidogo kwa sababu mashine ililala muda mrefu, kisha akamwachia kijana mkubwa avute. Haikuwaka upesi. Ilipowaka, moshi ulifunika banda zima, na fundi hakutazama kitu kingine ila tundu la nyuma linalotema maji. Yalipotoka kwa mkondo wa kutosha, ndipo akapunguza mwendo wake taratibu mpaka ikashika sailensa, ikanguruma chini chini bila kukatika.

Ndugu zangu wenye vyombo, kusi ikikaribia na boti ikipandishwa pwani, mashine iendesheni kwanza kwenye maji baridi itoe chumvi. Chomoeni mpira wa mafuta, iendelee kuwaka mpaka kabureta ikauke. Tieni oili kwenye silinda, na muihifadhi ikiwa imesimama wima ili maji yaliyobaki yashuke. Na fundi akidai ujira wa siku zile ambazo mashine ililowekwa tu, mlipeni bila ubishi. Silinda iliokoka siku hizo.