Taa Nyekundu Haikuwa na Kosa



Nilikata mguu mmoja wa chipu, taa ikaacha kuwaka na kuzimika, nikapiga picha, nikaituma kwa yaya: "Imepona." Ulikuwa uongo, ijapokuwa mimi mwenyewe sikujua bado. Leo nataka kukosoa ile video iliyonifundisha kukata. Kisha nitajikosoa mimi, na mwisho kidogo nyinyi pia, muniwie radhi.

Kitu chenyewe ni mashine ya michezo ya Nintendo, ile ya kijivu inayoitwa NES. Mjomba wetu aliileta kutoka Ubelgiji mwaka 1992, ikawa ya yaya. Sisi wadogo tulikuwa tunakaa chini kwenye mkeka tukingoja zamu ya kushika manete. Yaya alipoenda Kolwezi kwa kazi, aliniachia akasema neno moja tu: "Chunga." Ikalala miaka mingi ndani ya karton hapa Lubumbashi. Siku nilipoichomeka tena, taa yake nyekundu ikawa inawaka na kuzimika karibu kila sekunde moja, na picha kwenye televizyo nayo inakuja na kwenda.

Ugonjwa huo unajulikana sana, na video nyingi zinatoa dawa moja: kata mguu wa 4. Lakini mbele ya kukata kitu, inafaa kujua unakata nini.

Ndani ya NES kuna chipu ndogo ya kufuli, na ndani ya kila kasete halali kuna nyingine ya ufunguo. Zote mbili zinaendesha programu ileile kwa wakati mmoja na kupashana ishara. Zikipatana, mchezo unaendelea. Zisipopatana, chipu ya mashine inaianzisha mashine upya, tena na tena. Ndiyo ile taa inayowaka na kuzimika. Mguu wa 4 ndio unaoamua chipu iwe kufuli au ufunguo. Ukipata volti 5, chipu ni kufuli. Ukiunganishwa na masi, inajiona ufunguo, haimzuii mtu tena.

Kufuli hiyo ilikuwa ya biashara. Mashine ya kwanza ya Japani ya 1983, Famicom, haikuwa nayo. Iliwekwa kwenye NES iliyotoka Marekani 1985, ili Nintendo iamue nani ana ruhusa ya kuuza kasete. Kampuni ya Atari Games ilipotafuta njia ya kuipita, kesi ilifika mpaka mahakama ya rufaa ya Marekani, na 1992 Nintendo ikapata ushindi. Mwaka uliofuata, Nintendo yenyewe ikatoa umbo jipya la NES lisilo na chipu ile. Kwa hiyo sisemi kukata ni dhambi. Mtu mwenye kasete za nchi nyingine ana sababu nzuri ya kuiondoa kufuli.

Basi kosa la video liko wapi? Taa ile inaweza kuwaka na kuzimika kwa sababu mbili. Ya kwanza: kasete haina ufunguo unaofaa. Ya pili: kasete ni halali kabisa, lakini chipu mbili hazisikilizani, juu ya uchafu na kutu kwenye meno ya shaba, au juu ya konekta iliyochoka. Konekta ya NES ina pini 72, na kasete inasukumwa ndani kisha inashushwa chini, kama ile mikanda ya video ya zamani. Pini zinapinda pole pole. Kwa mashine yenye zaidi ya miaka 30, ikiwa na kasete zake za siku zote, sababu ya pili ndiyo ya kushuku kwanza. Video haikuuliza swali hilo hata kidogo. Iliruka kutoka kwenye dalili mpaka kwenye mkasi.

Nimeirudilia mara tatu, kama vile tulivyofundishwa kusoma maandishi ya mtu. Mara ya tatu ndipo nikaona: kasete ya mwanzo, inayokataa, ina karatasi iliyochanika. Kasete ya mwisho, inayocheza, ni nyingine, inang'aa. Yule bwana alibadilisha vitu viwili, akatuambia kimoja. Tena aliuacha mguu uliokatwa hewani, bila kuuunganisha na masi. Kwake ilitembea. Lakini mguu wa chipu usiounganishwa na chochote hauna msimamo, leo unaweza kusoma hivi, kesho vile.

Mimi nilimfuata neno kwa neno. Taa ikatulia, nikashangilia. Televizyo ikaonyesha rangi moja tupu. Kwa wiki mbili nililehemu upya, nikakagua kazi yangu kwa kioo cha kukuza, nikawalaumu waliouza waya ya risasi. Siku zingine taa ilianza tena ugonjwa wake, siku zingine ilitulia. Mashine iliyokuwa na shida moja sasa ilikuwa na mbili, na ya pili niliitia mimi mwenyewe, mwenye diploma ya umeme, yule mama anayeita "injenia" mbele ya wageni.

Yaya alipofika kwa likizo, sikuweza tena kuficha. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza tu:

"Mbele ya kukata, ulipima nini?"

"Sikupima kitu, yaya."

"Ile taa ilikuwa nakuambia kitu. Weye ukaifunga kinywa."

Tulianza upya pamoja, kitu kimoja kimoja, tukiandika kwenye kikaratasi. Kwanza umeme: adapta ya NES inatoa volti 9 za umeme wa kupishana, na ndani ya mashine zinageuzwa kuwa volti 5 zilizotulia. Multimeta ikaonyesha 5. Vizuri, umeme hauna kosa. Pili, tukaunganisha mguu wa 4 na masi kwa waya fupi. Taa haikucheza tena hata mara moja, lakini picha bado. Tatu, pamba na alkoli kwenye meno ya kasete. Pamba ilitoka nyeusi kama masizi ya sufuria. Tukasafisha konekta pia, tukangoja ikauke. Tukawasha. Picha ikaja, na muziki wake.

Sikufurahi vile nilivyotazamia. Kama ningeanza na pamba, nisingekata kitu. Na sisi tulikuwa tunapuliza ndani ya kasete tangu utoto, tukiamini ni dawa, kumbe unyevu wa pumzi ndio unaosaidia kutu.

Sasa zamu yenu, wasomi wenzangu. Disjonkta ya nyumbani ikianguka kila jioni, ni wangapi kati yetu tumeitwa "juu tulisoma", tukaipita kwa waya ili mwangaza ukae? Fyuzi ikiungua, ni wangapi tumeweka kipande cha shaba? Taa inakaa, watu wanatushukuru, na waya ndani ya ukuta inaendelea kupata joto. Mashine ya michezo ikifungwa kinywa, unakosa mchezo. Nyumba ikifungwa kinywa, watoto wanalala ndani yake.

Video hiyo siikatai yote. Mkono wa yule bwana ni mzuri kuliko wangu. Ninachokataa ni somo linaloonyesha tiba bila uchunguzi, na sisi wenye diploma tunaolipokea hivyohivyo kwa sababu lina picha nzuri. Ukitazama moja, tafuta mambo matatu: alipima nini mbele ya kugusa, alibadilisha vitu vingapi kwa mara moja, na kitu cha kujaribia mwishoni ni kilekile cha mwanzo? Usipopata jibu, weka mkasi chini.

Yaya amerudi Kolwezi. Mashine ameniachia tena. Safari hii alisema: "Chunga, na upime."