Chuma Chini ya Kitambaa: Henri Farman F.27 Iliyopita Mackinnon Road

Jamani, itazameni hii Henri Farman F.27! Ndiyo kwanza nimepata kuzikagua picha zake kipande kwa kipande, na moyo haujatulia. Injini iko nyuma ya rubani, basi hakuna injini mbele ya kumzibia anga. Mabawa ni ghorofa mbili, yamevikwa kitambaa na kukazwa kwa nyaya kama ndege nyingi za enzi zile. Lakini chungulia chini ya kitambaa: mabomba ya chuma! Wenzake wengi walijengwa kwa fito za mbao.

Na ilipita hapa hapa kwetu, Mackinnon Road. Kikosi cha 26 cha ndege za jeshi la Uingereza, chenye Waafrika Kusini wengi, kilishuka Mombasa mwisho wa Januari 1916, kikaelekea Mbuyuni, upande wa Taveta, kupigana na Wajerumani. Kufika Voi kwa garimoshi njia ilikuwa moja: Samburu, Taru, Mackinnon Road. Ni reli ile ile inayopita ubavuni mwa msikiti wa Sayyid Baghali Shah.

Kwa nini chuma? Jua! Ndege ya mbao hushikiliwa na gundi, hata propela yake ni tabaka za mbao zilizobandikwa pamoja. Mapema 1915 Waingereza walipeleka ndege za Sopwith, za mbao, karibu na Mafia, kuisaka manowari ya Wajerumani Königsberg iliyojificha Rufiji. Joto na unyevu vikailegeza gundi, ndege zikawa hazifai kitu. Mwaka huo huo Waafrika Kusini walikuwa Namibia na Farman za chuma, jangwani, na zikafanya kazi.

Desemba 1915 mhandisi Mjerumani Hugo Junkers alikwenda mbali zaidi: ndege yake J 1 iliruka Ujerumani ikiwa chuma mpaka ngozi ya bawa. Ajabu tupu, lakini ilikuwa jaribio tu. Farman ilikuwa tayari vitani.

Kikosi cha 26 kilikuja pia na ndege za BE2c, za mbao, na wapo wanaozisifu kwa umbo. Waache wasifu. Kwa nyika ya Taru, yenye jua la kupasua mbao na mchwa wasiolala, mimi nachagua Farman bila kufikiri mara mbili. Haina mbio, sawa. Ina mifupa!